Mikono ya Mchuma Chai Ndotoni

Kibugu, Embu.
9 Agosti 2025.

Mpendwa ndugu yangu Gachoki,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu. U mzima? Hilo joto la Doha limekuachia nyama mwilini, ama umebaki mifupa? Sisi tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike, na goti langu linauma kama kawaida ya Agosti. Barua hii ataileta Munyi mnayefanya kazi naye, maana nimechoka kukutumia ujumbe mrefu kwenye simu ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Leo utasoma mpaka mwisho.

Nina hasira, na wewe ndiye wa kwanza.

Unajua tangu tulipomzika Mama mwaka jana amekuwa akinijia ndotoni. Husimama mwisho wa mstari wa chai na kikapu chake mgongoni, nami husahau kabisa kwamba amekufa. Namwambia aharakishe, gari la chai liko karibu, naye anageuka anaenda. Naamka nikilia. Alifariki hospitalini mimi nikiwa njiani, hatukuagana. Nilitaka mara moja tu nijue kwamba naota, nimshike, tuagane.

Wewe ukasema ni rahisi, watu hujifunza. Nitazame mikono yangu kila mara mchana nikijiuliza kama naota, hadi mazoea yanifuate usingizini, kwa kuwa ndotoni vidole huwa na kasoro. Gachoki, umesahau ulikozaliwa? Mchuma chai atazame mikono yake ashangae nini? Naitazama kutwa nzima! Ndotoni pia niliitazama ikichuma, nikaona kazi inaendelea vizuri, nikahamia mche mwingine. Mwezi mzima nimechuma chai nikiwa macho na nikiwa usingizini.

Halafu ukaniambia nitege kengele ya simu kabla ya alfajiri, niamke kidogo, kisha nilale tena nikijiambia kwamba nitajua naota. Aliyeamka ni shemeji yako Nyamu. Alidhani ni saa ya kukamua, akaenda kumsumbua ng'ombe gizani, akapigwa teke la paja. Tangu hapo hanisemeshi ila kuomba chumvi.

Na huyu Ruguru, kiongozi wetu wa akina mama kanisani! Nilimweleza kwa siri. Jumapili akasimama kumwombea, mbele ya watu wote, "dada yetu anayeita wafu." Mimi, ninayefua vitambaa vya madhabahu! Sikungoja amina.

"Ruguru, hata Yusufu aliota na akalisha Misri yote. Wewe ukilala ni kukoroma tu."

Watu walicheka, na mchungaji akatafuta ukurasa ambao haukuwepo. Msamaha siombi.

Nilirudi nyumbani nikiwaka, nikajilaza kwenye kochi mchana huohuo. Nikajikuta shambani. Nikatazama mikono, na vidole vilikuwa safi kama vya karani, bila ule weusi wa utomvu ambao hata sabuni ya kipande haiuondoi. Nikajua. Naota! Nikaogopa nitaamka, nikasugua viganja ili ndoto isikatike, kama ulivyonifundisha. Hilo moja lilifaa, nakupa.

Mama alikuwa palepale. Nikamshika mkono, ulikuwa na joto. Nikamwambia, "Maitu, mama yangu, najua umeenda. Nimekuja tuagane."

Unajua alichosema? Hakuuliza habari ya goti langu, wala hakunishukuru mimi niliyemwogesha na kumlisha alipolala kitandani. Alichungulia nyuma ya bega langu, akauliza, "Gachoki amekuja na wewe?"

Nilikasirika mpaka nikaamka.

Bado nimekasirika. Nimehangaika vile, nikaaibishwa kanisani na kununiwa nyumbani, na nafasi yenyewe ikawa yako! Wakati wa mazishi ulisema umenyimwa likizo, nikakubali. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita. Sasa najua njia, na nitampata tena. Sitaki kusimama mbele ya mama yangu bila jibu. Sema unakuja lini, nimwambie.

Nyamu anakusalimu, nadhani, maana amesema jina lako na kutikisa kichwa. Wasalimie wenzako wote wa huko. Mungu aliyemsikiliza Mama akikuombea kila asubuhi akulinde kazini na akufungulie njia ya nyumbani.

Dada yako akupendaye, ingawa leo hustahili,
Wambeti