Mtaa Usio na Kituo

Stockholm, 9 Oktoba 1974

Kwa mume wangu, Mwalimu Severin,

Mimi mzima, ila baridi imewahi mwaka huu. Kile kituo cha treni kilichosimama juu ya nguzo mbele ya dirisha langu kimebomolewa. Treni sasa inapita chini ya ardhi, na duka la mikate lililokuwa chini ya ngazi limefungwa. Miaka mitatu nimekuwa nikitoka kazini, nachemsha chai na kuwatazama wanaoshuka, kwa sababu uliandika, “Nitashukia hapo hapo.” Sasa jikoni kumejaa mwanga, na hakuna wa kumtazama.

Paskalia, mwenzangu wa kazini, amerudi kutoka likizo huko nyumbani. Anasema alipopita kwako alimkuta mama mmoja akianika nguo za mtoto mchanga. Nilimwongezea chai, nikamuuliza habari za mvua.

Zamani ulikuwa ukizirudisha barua zangu zimejaa wino mwekundu: “Agripina, mbona huweki vituo? Nukta huijui?” Kweli, mwalimu, nukta nimejifunza, ila hadi leo kumaliza sentensi ya mwisho kunanishinda. Basi kama yetu imekwisha, kituo kiweke wewe, kwa mkono wako

Mkeo,
Agripina