Mbwa wa Mwizi wa Kondoo

Mjukuu wangu Salma,

Assalaamu alaykum. Huku Pujini sote wazima, na bibi yako sasa atembea bila mkongojo.

Wasema mwalimu wenu ameukataza wimbo wa mwizi wa kondoo kwa kuwa unasifu wizi. Amekosea, na mwambie nimesema mimi.

Zama za vyama, kabla ya Mapinduzi, majirani tulisusiana hata maziko. Bi Mize, jirani yetu wa chama kingine, alivuna karafuu, asije mtu kumsaidia kuzichambua. Zikirundikwa na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika, huchemka zikaharibika. Akachambua peke yake barazani, akiimba jinsi mwizi alivyofungwa, ndugu wakamkana, mbwa wake akabaki mlangoni mwa jela mpaka akafa.

Baba yangu akamwambia kutoka ng'ambo ya njia, "Bi Mize, wamsifu mbwa, naye najisi?"

"Najisi ya mbwa ina dawa, mwanangu: maji mara saba, mojawapo na udongo. Ya kumkimbia mwenzio ina dawa gani?"

Baba akachukua jamvi lake, akavuka njia, nasi nyuma yake.

Hakuna aliyehama chama. Karafuu zilikauka vizuri.

Basi muulize mwalimu wako: siku akifungwa yeye, nani atabaki mlangoni?

Babu yako