Mpigaji Mmoja wa Kuagia

Jumatatu, 9 Septemba
Wamenifukuza. Waliniita ofisini, wakaniwekea chai ya kijani na keki, nikajua hapo hapo. Klabu hii ya besiboli haijawahi kunipa keki! Meneja Tachibana alikuwa anakwepa macho yangu. Huyu Tachibana alipoingia timuni mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake bwenini. Soksi zangu alifua yeye. Leo eti, "Kaka Kurahashi, umeturushia mpira tangu ukiwa kijana wa shule. Bega limechoka. Tukuage kwa heshima." Mechi ya mwisho nyumbani, nitaanza mimi, nirushe kwa mpigaji mmoja. Mmoja tu. Kisha maua, hotuba, kwaheri.
Keki sikuigusa.

Jumanne, 10 Septemba
Kazue kafurahi. Mke wangu wa ndoa! Kasema, Baba, sasa labda utaweza kuinua mkono uchane nywele. Halafu akasema nimwombe meneja maua yasiwe meupe, yasije yakafanana na ya msiba. Nilinuna. Baadaye nikacheka, bafuni, asinisikie.

Alhamisi, 19 Septemba
Gazeti limemtaja mpigaji wangu. Sugimori, wa timu ya wageni. Kijana, mikono ya chuma, anagombea taji la mpigaji bora wa ligi, na wamebanana na mwenzake kiasi kwamba kukosa mara moja kunaweza kumharibia. Waandishi wakamuuliza, hata hivyo utamuaga mzee kama ilivyo desturi? Kajibu, "Nitampungia gongo kwa moyo wote."
Nchi nzima inafuta machozi. Mimi damu inanichemka. Desturi naijua: mpigaji anapunga gongo hewani mara tatu, anakosa makusudi, makosa matatu anatolewa, anainama, watu wanalia. Wenzangu wameagwa hivyo nami nikapiga makofi. Lakini wao walikuwa wamechoka. Mimi sijachoka!
Nilianza na mpira wa kasi. Bega likapasuliwa, nikajifunza mpira wa kupinda. Likapasuliwa tena, nikajifunza kudanganya. Kila niliyemtoa uwanjani nilimtoa kwa jasho. Hakuna aliyenipa bure, na mimi sikuomba. Sasa wa mwisho awe sadaka?

Jumapili, 22 Septemba
Nimemwambia Mizoguchi, anayenidakia mipira nyuma ya mpigaji, apeleke ujumbe kwa Sugimori: apige kweli. Kanitazama kama nimelewa.
"Kaka, acha hizo. Nani atakubali kuupiga mpira wa mzee anayeaga, mkewe yuko jukwaani? Watamzomea mpaka azeeke."
"Na akikosa makusudi?"
"Watampenda. Na wewe utakuwa umemtoa. Itaandikwa hivyo hivyo."
Itaandikwa! Nikarudi kurusha mazoezi. Mpira wangu wa kupinda ulikuwa mbovu, unaelea tu. Hilo limeniudhi kuliko Mizoguchi.

Ijumaa, 27 Septemba
Wageni wamefika. Nimemfuata Sugimori mwenyewe kwenye mazoezi. Alipoona nakuja akavua kofia, akainama karibu aguse magoti.
"Kaka mkubwa, tangu utotoni nilikuwa nakuangalia kwenye televisheni."
Hata hiyo imeniuma. Nikamwambia, "Kesho ukipunga hewa, mpira unaofuata nakupiga nao mbavuni."
Akatabasamu! Kadhani namtania. "Sawa, kaka mkubwa. Jitunze bega."
Jitunze bega. Kijana huyu nitamla mbichi.

Jumamosi, 28 Septemba
Naandikia hapa hapa benchini. Mvua imetushukia ghafla, mwamuzi kasimamisha mchezo, uwanja umefunikwa.
Mpira wa kwanza niliurusha vizuri, ndani kabisa. Sugimori akapunga juu huko, kama anafukuza nyuki. Uwanja mzima ukashangilia. Kosa la kwanza. Akaniinamia kidogo. Nikauma meno.
Mizoguchi akaonyesha kwa vidole: nje, polepole. Nikakataa. Nikamrushia Sugimori kifuani — si mbavuni, kifuani. Akaukwepa, akaanguka chali vumbini, kofia ya chuma ikabingirika. Mimi, katika siku ya kuagwa! Benchi lao likasimama lote, mtu akapiga kelele, "Mzee mwehu!" Tachibana alijishika kichwa.
Sugimori akainuka. Hakuinama tena. Hakujipangusa hata vumbi. Wa tatu ulikuwa wa kupinda, bora kuliko yote niliyorusha mwaka huu. Akaubamiza! Ukaruka juu ya jukwaa la kushoto, nje ya mstari kwa upana wa kiganja. Wa nje huhesabiwa kosa: kosa la pili, limebaki moja. Nusura anizike.
Halafu mvua.
Tachibana kaja sasa hivi na maua mikononi. Anasema mwamuzi anafikiria kuahirisha, na mechi ya siku nyingine ataanza mrushaji mwingine. "Kaka, tufanye sherehe sasa, watu wasije wakaondoka. Umemwangusha mtoto wa watu, inatosha." Nimemwambia maua ayaweke chini. Kayaweka. Kazue yuko jukwaani chini ya mwavuli, haondoki.
Ng'ambo ya pili Sugimori hajavua kofia. Hajakaa. Anazungusha gongo, ananitazama mimi tu. Ananichukia kabisa. Na mimi — miaka mingi sijamwogopa mpigaji — namwogopa. Bega linauma.
Mwamuzi katoka. Anakanyaga nyasi, anatazama juu. Kanyaga vizuri, bwana! Mvua ndogo hii! Tachibana anaokota maua yake tena. Nimemwambia akiyaleta hapa nitayatupa matopeni. Wanafunua uwanja! Naenda.