Siku Uani Palipojaa

Jumapili, 14 Desemba
Ibada ya kwanza. Majani ya ng'ombe. Kiburu cha jana, ndizi zilizopikwa na maharage, nimekipasha moto nikala nimesimama. Kisha deki.

Ni deki ndogo ya kuonyesha sidii, ya kukunja, ina kioo chake. Elisante, mwanangu wa kwanza, aliniletea baba yao alipofariki, ili nisiwe naongea na kuku. Bado naongea na kuku. Betri imechoka kama mwenye nayo, bila chaja haiendi.

Sidii ninazo tatu. Kwaya, mahubiri, na mazishi ya mzee. Kwaya na mahubiri zina vumbi.

Jumatano, 17 Desemba
Ndeshi amepiga simu kutoka Mwanza. Haji Krismasi. Kazi. Nimemwambia sawa mwanangu, Mungu akubariki. Si sawa.

Jioni nimeweka mazishi. Jeneza nalipeleka mbele. Mchungaji nampeleka mbele, anisamehe. Naachia pale wanapokula. Wanangu wote wanne wako uani. Ndeshi anagawa sahani. Godlisten yuko ndani ya suti ya kuazima, mabega yamemshuka. Anaeli, kitinda mimba, ambaye kwa desturi kihamba hiki, shamba la ukoo, na nyumba hii ni vyake, anacheka jambo aliloambiwa na Elisante, halafu anakumbuka yuko msibani. Hapo huwa nasimamisha picha.

Jumamosi, 20 Desemba
Godlisten naye haji. Anaeli hata hajapiga.

Magari ya Dar yanapanda huku kwetu Kirua kutwa nzima. Jirani yangu Mama Ufoo amejaziwa nyumba na watoto na wajukuu, amekuja kuazima magodoro. Nimempa yote. Yalikuwa ya nani?

Nina wivu. Naandika, nisije nikajidanganya kesho.

Jumanne, 23 Desemba
Elisante amefika. Peke yake, mke na watoto wameenda kwa wakwe. Nimemchinjia jogoo. Amekula, amesifu, amelala saa hiyo hiyo. Nimefurahi, halafu nikakasirika kwamba ni mmoja tu. Ndivyo nilivyo.

Jumatano, 24 Desemba
Mazoea mabaya. Baada ya kukamua nikafungua deki kama kawaida, nikasahau nyumbani kuna mtu. Nimegeuka, Elisante yuko mlangoni. Kwenye kioo ni jeneza, limefunguliwa, na baba yake ndani. Nilikuwa bado sijapeleka mbele.

Akaniuliza huwa naangalia hii mara ngapi. Nikamjibu ukweli. Kila siku.

Akaingia migombani na simu. Nilimsikia akiwaambia wenzake mama ameharibika, anashinda na maiti. Wakaongea wote wanne kwa pamoja. Kumbe kukutana wanaweza.

Niliporudi kutoka kanisani jioni deki ilikuwa tupu. Ameniambia wameamua wote, sidii wataitunza wao, ni kwa afya yangu. Wamenijadili kama ng'ombe wa kuuzwa.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Kanisa limejaa mpaka nje. Mtori, nyama, soda. Tumekula wawili kwenye meza ya watu wanane. Amejaribu kunichekesha. Sikucheka.

Ijumaa, 26 Desemba
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya tatu ilikuwa sikukuu, kwa hiyo leo. Jembe nimemwonea huruma, mikono yake ni ya ofisini. Nimempa kisu na ndizi za kumenya.

Tukiwa tunamenya akaanza tena. Najiumiza. Baba ameshapumzika. Wanaogopa kunipoteza na mimi. Nikaweka kisu chini.

"Simwangalii baba yenu," nikamwambia. "Yeye namwamkia kila asubuhi hapo nyuma ya jiko, kaburi haliendi popote. Nawaangalia ninyi. Tangu mtoke hapa, ni lini tena mlikuwa wote uani kwangu? Nitajie siku moja."

Aliendelea kumenya ndizi ile ile mpaka ikaisha mikononi mwake. Nilifurahi kwamba imemuuma. Baadaye sikufurahi.

Jumapili, 28 Desemba
Elisante aliondoka jana asubuhi. Ameahidi Pasaka, na wenzake wote. Nikamwambia sawa mwanangu.

Niliporudi ndani nikakuta jani la sale juu ya deki, limefungwa fundo. Alilikata kaburini kwa baba yake. Huku kwetu anayekuletea sale ameomba msamaha, na humkatalii. Ndani ya deki, sidii. Ningemsamehe hata bila jani.

Jana sikuiweka. Leo nimeiweka, na sikupeleka kitu mbele. Nikaona ninachokiruka siku zote. Mimi, nimekaa kwenye kiti kando ya jeneza, kanga kichwani, na wanne wote wamesimama nyuma yangu. Elisante amenishika bega. Sikumbuki kushikwa bega.

Pasaka sijui. Lakini iko siku watakayokuja. Hakuna atakayesema kazi. Godlisten atavaa suti yake mwenyewe, Ndeshi atagawa sahani, Anaeli atachekeshwa na kaka yake. Mpiga picha atakuwepo. Uani patajaa. Mimi tu ndiye sitawaona.

Nimefunga kioo, jani nimeliacha juu yake. Chaja nimechomeka. Ng'ombe analia, majani bado sijakata.