Shujaa Asiye na Mama Hajazi Ukumbi

Kisangani, Makiso
Jumatatu, baada ya mvua

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na Mama, kutoka huku kwenye joto. Magoti yako yanasemaje na baridi ya Butembo? Mdogo wangu Masika anakuchua kwa ile dawa niliyotuma, au mnaitazama tu kabatini? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mwambie Mama nimenenepa, lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki wa huku havina huruma, kwa hiyo aache kuota kwamba nalala njaa.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika katikati. Karatasi huwezi kuikatiza. Kambale dereva ameahidi kukupa mkononi. Vaa miwani, ukae.

Lori lako lilifika Jumamosi asubuhi, na Kambale alishusha magunia yote ya maharagwe ndani ya ukumbi wangu wa sinema, hadi chini ya ukuta wa picha, kama ulivyomwagiza. Alipomaliza alinitazama kwa huruma, akasema: "Papa alisema hivi, filme imeisha, depot irudie kuwa depot. Mimi niko mutumwa tu, Kahindo, usinikasirikie."

Nilielewa. Ulinituma Kisangani niangalie depo yako, ghala lile la sabuni, nami nikaitoa sabuni, nikaweka mabenchi na mashine ya kurushia picha. Ulinipa muda hadi mavuno ya maharagwe: ukumbi ujae, la sivyo nifunge nirudi nyumbani. Halafu Tonton Paluku, ndugu yako, akapita huku katika mwezi wangu mbaya kuliko yote, akakuta ndani ya ukumbi nipo mimi na kuku wa jirani, akakuletea habari ya kuku. Sikatai, Papa. Kuku alikuwepo. Ila Tonton aliondoka mapema mno.

Wacha nikueleze kwanza nilivyokosea. Mimi ni mtoto wa mfanyabiashara, nikadhani filamu ni kama kitambaa cha pagne: ikiwa mpya na yenye rangi nyingi, itauzika. Nikatafuta filamu mpya kabisa ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Walikuwa kumi na wawili, wote wanaruka, wote wanavunja majengo. Nikabandika bango kubwa mlangoni. Siku ya kwanza watu walikalia mpaka dirisha. Siku ya pili, nusu. Siku ya tatu akaja kuku.

Nikaenda kuuliza kwenye maegesho ya toleka, maana hao vijana wa baiskeli ndio wanaobeba abiria wa mji huu pamoja na maneno yake. Mmoja hakunificha: "Mama patron, ile filme iko na batu mingi sana. Tunaanza kupenda moja, banaleta ingine. Banapigana, banapigana, mais kwa nini banapigana? Hatujue. Na hakuna hata moja iko na mama!"

Nilirudi nimenuna, lakini neno lake lilikaa nami. Ni kweli, Papa. Mashujaa kumi na wawili, na hakuna hata mmoja ambaye ungejua nani atamlilia akifa. Hapo nikajifunza kwamba bango hujaza siku ya kwanza tu, siku ya pili hujazwa na midomo. Mtu akitoka ukumbini bila kitu cha kumsimulia mwenye toleka, basi filamu hiyo imekufa, hata kama waliitengeneza kwa mali ya nchi nzima.

Sasa nikujulishe Tonton Losala. Si ndugu yetu, ila kila mtu anamwita tonton. Ni mtu wa Isangi, amezeeka kwenye mashua za mto akipaza sauti kuita abiria. Kwangu anasimama kando ya ukuta na kipaza sauti, anaieleza filamu kwa Kilingala na Kiswahili, kwa sababu watu wa kwenye picha wanasema Kiingereza kama wanaokimbizwa. Ni yeye aliyesema tujaribu filamu moja kuukuu, yenye mikwaruzo, niliyokuwa nimeitupa chini ya meza.

Ina shujaa mmoja tu. Anainua lori kwa mkono mmoja, lakini akigusa maji nguvu zote zinamtoka. Ana mama anayeuza mikate barabarani, asiyejua kwamba yule anayesifiwa na mji mzima ni mwanawe. Papa, huu ni mji wa mto. Mtu anayeogopa maji hapa ni habari kubwa. Kulikuwa na mama mmoja wa Yanonge, muuza samaki wa kukausha, aliyekaa benchi la mbele. Kila mara shujaa alipokaribia mto, mama huyo alisimama: "Mutoto, toka mu mayi! Toka!" Ukumbi mzima ukawa unamsaidia kumwita.

Ilikuwa Jumapili alasiri, wiki ya kwanza ya filamu hiyo. Adui akamkamata yule mama wa mikate, akamtupa mtoni kutoka darajani. Shujaa akafika ukingoni, akatazama maji. Na hapohapo umeme wa bwawa la Tshopo ukakatika.

Nilitaka ardhi inimeze. Watu wakaanza kupiga mabenchi. Ndipo Tonton Losala akafungua mlango mwanga uingie, akaweka kipaza sauti chini, akaimalizia filamu kwa mdomo wake. Akasema: shujaa aliingia. Nguvu zikamtoka zote, akabaki mtu kama wewe na mimi. Lakini kabla hajawa na nguvu zozote alikuwa mtoto wa mtu, na mama yake ndiye aliyemfundisha kuogelea. Basi akaogelea, polepole, akinywa maji, mpaka akashika ncha ya kitambaa cha mama. Mama akageuka, akamtambua. Papa, watu walilia. Nami nililia, tena si kwa gharama ya mashine iliyozimika.

Kesho yake walirudi wote, na wake zao na shemeji zao, kuhakikisha kama Tonton alisema kweli. Umeme ulikuwepo. Tukafika darajani, na unajua shujaa alifanya nini? Aliruka juu ya mto, akamnyakua mama kutoka majini, hakulowa hata kiatu. Kisha mama wa Yanonge akasimama, mikono kiunoni.

"Hapana! Filme imekosea. Aliruka tu? Alors, ile mayi ilikuwa ya kazi gani? Tonton, sema ile yako!"

Tonton akaisema. Tangu siku hiyo, tukifika darajani mimi mwenyewe nazima mashine, umeme ukiwepo au usiwepo, na hakuna anayeondoka. Wanakuja kutoka ng'ambo ya mto. Wiki ya nne sasa, filamu ileile.

Ndiyo maana nakwambia kwa kifua mbele, sasa najua kwa nini filamu moja ya mashujaa inavuta watu na nyingine inawafukuza. Nguvu peke yake haziuziki. Nguvu tunaziona bure bandarini kila asubuhi, wabebaji wanapanda ubao na magunia mawili mgongoni. Mtu anatoa pesa kuona nguvu zikimwishia yule anayempenda, na kitakachobaki baada ya hapo. Wale wanaozitengeneza huko mbali nadhani hukosea kosa langu: filamu moja ikijaza kumbi, katika inayofuata wanaongeza mashujaa, hawakumbuki kuongeza mama.

Sasa turudi Jumamosi. Kambale alipokwenda kuoga, nilikaa juu ya gunia lako nikalia. Nakwambia wazi kwa sababu wewe ni baba yangu. Niliumia kwamba umenifungia bila kuja kuona. Mabenchi yangu yalikuwa nje juani kupisha magunia, na onyesho la Jumapili nilikwisha kulitangaza. Tonton Losala akanikuta, akazunguka rundo lile mara moja, akasema: "Kahindo, mutu akikosa kiti, anakaa juu ya nini? Anakaa juu ya ile iko."

Tukayapanga magunia upya. Mbele gunia moja moja, katikati mawili mawili, nyuma matatu, kama ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue, watu wa nyuma waliona juu ya vichwa vya watu wa mbele, na sasa hawataki tena kusikia habari ya mabenchi. Walikuja Jumapili baada ya misa, wakajaa mpaka mlangoni, na Kambale wako alikaa katikati yao akamlilia yule mama wa mikate kuliko wote. Muulize, asikudanganye.

Ilipokwisha, mama wa Yanonge hakuinuka. Unakumbuka ulivyonifundisha kupima maharagwe, nikiwa na miaka saba? Ulisema usiamini mdomo wa muuzaji, likalie gunia: kavu yanateleza chini yako, mabichi yanashikana. Nilidhani ni sisi tu tunaojua. Yule mama akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia, akaniambia: "Hii iko kavu muzuri. Nimekalia saa mbili, najua. Iko ya Butembo? Bon, gunia yangu mutu asiiguse." Na jirani yake akalishika lake. Hata wa nyuma waliokuwa wamekwisha kutoka walirudi kununua waliyoyakalia. Papa, kuna mfanyabiashara gani mwingine ambaye wateja wake huipima bidhaa saa mbili nzima, tena wakilipa mlangoni?

Msalimie Mama, na umwambie yule mama wa mikate anafanana naye pua. Msalimie Masika mdogo wangu, akuchue magoti. Koko, bibi yetu, nambusu mikono yote miwili. Tonton Paluku mpe salamu za kuku: jirani alimchinja siku ukumbi ulipojaa, tukamla pamoja.

Hela zote za maharagwe nampa Kambale kwenye bahasha pamoja na barua hii, na utaona mwenyewe. Sitafunga ukumbi, Papa, na sikuombi ruhusa ya kutofunga. Naomba jambo moja tu. Mistari yote ya mbele imeuzwa, na ya nyuma imekwisha kulipiwa, inaondoka kesho asubuhi. Tafadhali, pakia lori jingine upesi, na safari hii panda nalo wewe mwenyewe. Watu wangu hawana pa kukaa.

Mwanao,
Kahindo, wa depo na wa sinema