Aliposema Menengai Apumzike

Kwako Mshauri, nakuomba msaada na nakuomba usinicheke, maana shida yangu ni farasi, na kila nikianza kuieleza kwa watu wa kanisani wanatabasamu kabla sijafika katikati. Mimi ni Mkenya, naishi Northfield na mke wangu Milka, na kazi yangu ni kutunza farasi wa mbio kwenye mazizi yaliyo nje kidogo ya Birmingham, kazi niliyoijua tangu Nairobi. Kati ya farasi ninaowatunza yuko mmoja anaitwa Menengai, wa miaka mitano, na tangu alipofika kila mtu alisema huyu ndiye, alishinda mbio zake mbili za kwanza kana kwamba wengine walikuwa wamefungwa kamba, halafu akaumia kano ya mguu wa mbele wa kushoto akakaa nje mwaka mzima, akarudi akashinda tena, akaumia kwato, akapona, na sasa ni kano ile ile.

Mwenye farasi ni Mzee Tarlochan, Singasinga mwenye duka la vipuri vya magari kule Digbeth, aliyezaliwa Nakuru akahamia huku akiwa kijana, ndiyo maana farasi ana jina la volkano ya kwetu, na tangu siku ya kwanza yeye na mimi tunaongea Kiswahili tu, Kiswahili chake cha zamani cha dukani, na pale mazizini hakuna mwingine anayeelewa neno, jambo ambalo nadhani humfurahisha kuliko farasi mwenyewe. Huniita macho yake. Mkufunzi wa mazizi, anayewaandaa farasi kwa mbio, akimwambia jambo, yeye hunipigia jioni na kuuliza, "Njoroge bwana, kweli hiyo?"

Sasa mwezi uliopita alikuja, akasimama mlangoni pa banda akimkuna Menengai shingoni, akaniambia, "Sikia, bwana. Mguu hii kama nashika moto tena, mimi nataka yeye pumzika. Daktari takuja, tamaliza maneno yote. Wewe mwenyewe tapeleka yeye, pamoja na blanketi yake." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na akaondoka bila kunywa chai, yeye ambaye haondoki bila chai.

Mshauri, maneno yale yalinikata maini. Kwetu tukisikia mtu amepumzika tunaanza kuchanga na kuulizana mazishi ni lini. Na kule Nairobi niliona kwa macho yangu farasi aliyevunjika mguu akipigwa risasi pale pale uwanjani, na mtunzaji wake ndiye aliyetumwa akalete blanketi la kumfunika, kwa hiyo Mzee alipotaja blanketi nilijua ni la kumfunika.

Basi mguu ukashika moto. Niliupapasa asubuhi, nikausikia, kidogo tu, chini ya goti, ule moto wa kano iliyoanza kuumia tena, na Mzee alipopiga simu jioni akauliza kama kawaida nikasema mguu uko baridi kama jiwe. Nikishasema hivyo siku moja, siku ya pili nitasema nini? Mkufunzi hupita kila jioni akipapasa miguu ya farasi wote, kwa hiyo mimi humtangulia na mpira wa maji, namwagia ule mguu mpaka unapoa, naukausha kwa taulo, yeye anapita anaugusa anasema safi. Mzee amefurahi, mkufunzi amemwandikisha kwa mbio za kuruka viunzi za Jumamosi, joki wetu, ambaye mkewe amejifungua juzi, amekubali kumpanda, na mimi silali.

Milka amegundua. Alinisubiri mezani, bado na sare yake ya kazi, maana anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Moseley.

"Baba Tevin, mguu una moto ama hauna?"

"Una moto."

"Na umemwambia Mhindi wako nini?"

"Kwamba hauna."

"Ala! Na wangu umesimama tangu alfajiri, nani ameukanda? Afadhali ningezaliwa na mkia."

Nilimweleza habari ya kupumzika, nikidhani atalia pamoja nami. "Wazee wangu hupumzika kila siku baada ya chakula," akasema, "na saa kumi wanaamka wanadai chai. Mpigie huyo mtu, Njoroge." Lakini Milka hakuwepo pale bandani, hakuona yale machozi.

Nikisema ukweli, Menengai anauawa na mimi ndiye nitakayempeleka. Nikinyamaza, anakimbia na mguu ule. Nimefikiria hata kuacha mlango wa banda wazi usiku aende zake. Nifanye nini?

Njoroge, Northfield

*

Njoroge,

Nilikusoma mara mbili, kisha nikakupigia kwa namba uliyoiandika chini ya barua. Nilikuambia kwamba barua yako itatoka Ijumaa. Ukasema, "Ichape tu, mama. Labda nikiiona gazetini nitaogopa vizuri." Nilikuomba namba ya mkufunzi, hukunipa. Niliyokuambia siku ile nayarudia hapa kwa sababu sina hakika kwamba uliyasikia, na mbio ni kesho.

Kwanza nikupe haki yako. Mtu aliyeona yale uliyoyaona Nairobi lazima ashtuke akisikia habari ya blanketi. Na siku yako nzima inapita ukimhudumia mnyama huyu. Kutotaka afe si upuuzi. Huruma yangu inaishia hapo.

Isome barua yako tena. Menengai yumo karibu katika kila sentensi. Joki umemtaja mara moja, ukasema mkewe amejifungua, ukapita. Farasi mwenye kano mbovu huvunjika anapotua baada ya kuruka kiunzi. Akianguka, anaanguka na aliye mgongoni, na nyuma yao wanakuja wengine ambao hawawezi kusimama. Wewe unayajua haya kuliko mimi, na uliyajua ulipokuwa ukishika ule mpira wa maji. Kwa kuogopa daktari amuue kwa utulivu bandani, umemtayarishia kifo cha uwanjani, pengine na mtu chini yake. Usiniambie unamwokoa.

Sasa hilo neno lako. Mzee Tarlochan aliondoka Nakuru kijana, na Kiswahili chake kilibaki palepale. Matangazo yetu ya vifo hayasikilizi, kwenye matanga yetu hayupo. Katika duka alikokulia, nadhani, fundi alipopumzika aliweka spana chini na kushika kikombe. Isitoshe, farasi wa mbio anayestaafishwa mapema kwa sababu ya kano mara nyingi hupelekwa malishoni. Daktari huja kwanza kumpima na kuthibitisha kwamba hafai tena kwa mbio, na hapo maneno yanakwisha kweli. Mtu anayemjua humsindikiza ili asihangaike njiani. Blanketi lake huenda naye kwa sababu huko kuna baridi. Na mwenye farasi hulia, kwa kuwa alitumaini makubwa na hayatatimia. Kila alichokuambia kinaingia humo bila kulazimishwa.

Kinaingia pia katika maana unayoiogopa, sitakudanganya. Mimi sijui alikusudia nini. Wewe hujui. Mkeo hajui, ingawa habari yake ya wazee na chai ina akili kuliko yote uliyoyafanya mwezi huu. Anayejua ni mmoja, na hupiga simu yako jioni. Mmejivunia kwamba hakuna mwingine pale anayeelewa lugha yenu. Imetokea kwamba hata nyinyi wawili hamna hakika ya neno moja, na badala ya kuuliza ukachukua mpira wa maji.

Kuhusu kuacha mlango wa banda wazi: nje ya mazizi kuna barabara, na barabarani kuna magari yenye watu. Usilifikirie tena.

Uliniambia kwenye simu kwamba Mzee hununua gazeti hili na kulisoma kwenye kaunta, mstari kwa mstari, kwa kidole. Linafika Digbeth kabla ya mchana. Asiyapate haya hapa kwanza. Mpigie sasa, kabla hujamaliza aya hii ikiwezekana. Anza na mguu: una moto, umekuwa na moto siku zote ulizosema hauna, na mbio za kesho zifutwe. Usianze na Nairobi wala na machozi yake. Farasi anaweza kuondolewa hata asubuhi ya mbio, lakini hawezi kuondolewa na mtu asiyejua.

Ukishalisema hilo, muulize. Neno pumzika usilitumie, na yeye akilitumia mkatize kwa adabu. Mwambie, "Mzee, unataka Menengai aishi au afe?" Watu wa dukani na watu wa kanisani wote wanalielewa swali hilo. Akisema aishi, funga blanketi na umpeleke. Akisema afe, mwombe, bishana naye, tafuta mtu mwenye shamba atakayempokea akiwa mlemavu. Lakini bishana na mtu anayeujua mguu ulivyo, si na mtu uliyemfumba macho. Alikuita macho yake.

Kisha nenda kwa mkufunzi, umwambie hayo hayo. Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, hatakuwa amekuonea. Mrudie Milka, umkande miguu, na utafute kazi nyingine.

Na kama ulimi utakushinda kabisa, kama utafika jioni hujapiga simu wala hujasema neno kwa mtu, basi limebaki jambo moja ambalo halihitaji lugha. Mkufunzi atakapokuja kupapasa miguu, mpira wa maji uache umefungwa. Simama kando. Aushike mguu ukiwa mkavu, aukute moto wake. Atakutuma maji yeye mwenyewe, ya kuutibu.