Barolo Niliyoitoa Sumu

Alhamisi, 8 Mei 2025
Mgeni wetu Mwitaliano, mzee Valentino, katoa chupa sandukuni. Divai nyekundu, Barolo, ya kijiji cha baba yake. Anasema imezeeka vizuri, inataka nyama au uyoga, na ifunguliwe mapema ipumue. Divai kupumua! Nikamwambia mpishi wa gesti hii ni mimi, Eliza, na mvua imeotesha uyoga wa kutosha msituni. Basi kesho.

Ijumaa, 9 Mei
Uyoga kwa samli. Mbuzi wa moto mdogo, na mafuta yake yote. Pilipili sikutia — anasema inagombana na divai.

Mezani akanyoosha mkono aionje. Nikamzuia. Kwetu Wasambaa mwenyeji hampi mgeni kinywaji kabla ya kukitoa sumu. Bibi na boha yake, pombe ya miwa, kila kibuyu alitangulia yeye kuonja. Nikaonja mbele ya wote.

Mbaya! Ilinikausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikatafuna mbuzi, nikaonja tena. Ukavu umekwisha. Ikabaki harufu ya waridi lililonyauka, na lami kwa mbali. Halafu uyoga — utadhani umeota shamba moja na hiyo divai. Nimefurahi, na sioni haya.

Jumapili, 11 Mei
Kumbe Esteria, wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, alileta mayai Ijumaa, akaniona na glasi. Hakungoja hata wiki iishe, kesha wapelekea wazee habari.

Baada ya ibada mzee wa kanisa, Baba Aron, kaniita pembeni. Anasema mwalimu wa kwaya kama mimi hanywi pombe. Niombe radhi mbele ya usharika, la sivyo niikabidhi kwaya. Kwaya yangu! Niliyoifundisha tangu wengine hawajui hata kushika sauti. Imeniuma sana.

Nikamwambia shikamoo yake iko palepale, ila kumwonjea mgeni sikuombei radhi. Atakuja nyumbani Jumatano kuchukua jibu. Nikamwambia aje na njaa.

Jumatano, 14 Mei
Mzee Valentino kaondoka jana, kaniachia chupa ya pili. Nimeifungua asubuhi. Imepumua hadi basi.

Baba Aron yuko sebuleni. Naandika nimesimama jikoni, karai kando. Nimemwekea ugali, mbuzi, uyoga. Nikamimina vikombe viwili, nikaonja cha kwake, nikakiweka mbele yake. Nikasema: jibu langu ndilo hilo, Baba, na kwaya bado naitaka.

Akakitazama kikombe. Kisha kasema mama yake pia alikuwa akiitoa sumu boha, wageni wakija. Naona imemtoka bila kupenda. Akauliza uyoga nimeuchuma upande gani wa msitu. Sikumwambia. Ale kwanza.

Kikombe hajakigusa. Hajakisogeza mbali pia. Kaomba maji ya kunawa, ndiyo nimeyafuata huku —